Dereva Kwenye Kiti cha Abiria

Mtaani walimwita Dereva, na hata mkewe alimwita hivyo, ingawa leseni yake ilikuwa imekwisha muda na macho yake hayakuruhusu nyingine. Presha ya macho ilikuwa imemla polepole kutokea pembeni. Mbele aliona, tena vizuri tu. Kilichokuwa kushoto kwake kilikuwa kimefifia, na kilichokuwa kulia kilikuwa kimekwenda kabisa. Daktari alimweleza kwa kukunja kiganja kama bomba na kukiweka jichoni. "Mzee wangu, wewe sasa unaiona dunia hivi." Dereva akauliza kama angeweza kuendesha gari mpaka nyumbani, siku hiyo moja tu. Daktari akacheka, akidhani anataniwa. Wiki hiyohiyo Dereva alirudisha funguo za gari la mkurugenzi, zikiwa zimefutwa kwa kitambaa.

Kabla ya hapo, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, alikuwa amemwendesha mtu mmoja: mkurugenzi wa kampuni ya bima, na pamoja naye mke wa mkurugenzi na watoto wao, tangu wakiwa wa kubebwa mpaka walipoanza kumkaripia. Gari lililala kwake chini ya kibanda cha mabati, kwa kuwa mkurugenzi alikuwa mtu wa kuamka mapema. Majirani waliona kwamba Dereva amepata. Lakini gari lile halikuwahi kubeba hata kikapu cha mkewe. "Gari la watu," alikuwa akisema, na mjadala ukaishia hapo. Si jambo la kuchekwa. Wako wengi wanaokabidhiwa mali ya ofisi asubuhi, na jioni ikiwakuta wameshaigeuza ya shangazi zao. Dereva hakuwa mtu wa namna hiyo, na alijivunia hilo kimyakimya, kama wengine wanavyojivunia watoto waliosoma.

Mkewe alikuwa mshonaji katika karakana ya sare za shule, upande wa pili wa mji. Dereva alimwita Fundi. Asubuhi walitoka kwenye mlango mmoja kwa wakati mmoja, mume akaingia kwenye gari, mke akashika njia kwa miguu kwenda kituo cha basi. Kuna asubuhi moja mvua ilimwagika kama mbingu imetobolewa. Dereva, akiwa peke yake garini, akienda kumchukua mkurugenzi, alimpita Fundi kituoni amejifunika mfuko wa nailoni kichwani. Alipunguza mwendo ili asimrushie maji, kisha akapita. Fundi aligeuza uso akatazama upande mwingine, wenzake wasije wakajua kwamba aliyepita ni mumewe. Jioni walikula, wakazungumza habari za paa linalovuja, wakalala. Jambo lile hakuna aliyeligusa, si siku hiyo wala baadaye.

Kwa hiyo Dereva alizeeka bila kupanda basi la mjini. Mji huu aliuingia akiwa kijana, juu ya shehena ya lori, utingo mwenye vumbi mpaka kwenye kope. Kutoka utingo akawa dereva wa lori, kutoka lori akapata gari la mkurugenzi. Siku za mapumziko alitembea kwa miguu au alilala. Mabasi aliyajua kwa nje tu, kama vitu vikubwa vinavyosumbua barabarani na kukata njia bila kuashiria.

Kisha kiharusi kikampiga Fundi akiwa amesimama jikoni akiosha vyombo. Upande wake wa kushoto ukalala. Mdomo ukavutwa, maneno yakawa yanatoka moja moja kama yanapita kwenye mlango mwembamba. Akili haikuguswa, wauguzi waligundua hilo mapema, siku ya kwanza alipomwambia mmoja wao kwamba pindo la sare yake limeshonwa na mtu aliyekuwa na haraka. Alilazwa wiki nyingi katika hospitali kuu. Dereva alikuwa akipelekwa kumwona na jirani mwenye pikipiki, jirani alipokuwa na nafasi. Mwishowe madaktari wakasema anaweza kutoka, ila kwa sharti moja: kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa arudi kwa mazoezi ya viungo. Akikosa mazoezi, mguu utakauka na hautarudi tena.

Binti yao wa pekee, mwalimu wa sekondari katika mji wa mbali, alikuja kwa ajili ya kumchukua. Aliongea akiwa amesimama miguuni pa kitanda, kama anayehutubia darasa.

"Mama, kwangu kliniki iko ng'ambo ya barabara. Nikikohoa wanasikia. Hapa nani atakuleta?"

"Dereva," Fundi alisema.

"Dereva wa gari gani, mama? Baba haoni pembeni. Teksi kila baada ya siku moja haiwezekani, hilo tunalijua sote. Na basi hajawahi kupanda hata kwa bahati mbaya."

"Atajifunza."

"Baba? Baba akikaa kiti cha abiria anatapika."

"Nilitapika mara moja," Dereva alisema kutoka kwenye kiti chake, "na mara hiyo mshika usukani alikuwa mumeo. Anaendesha kama mtu anayekimbizwa na nyuki."

Fundi alicheka kwa nusu ya mdomo. Nusu nyingine ilibaki ilivyo, na binti alipoiona akainamisha kichwa. Alikuwa na sababu zake. Nyumba yake ilikuwa ndogo. Mama angelala chumba kimoja na wajukuu, na kwa baba hapakuwa na pa kulala. Alilijua hilo, na baba alilijua, na kwa kuwa kila mmoja alilijua hapakuwa na wa kulitamka. Kumchukua mama kulikuwa ni kuwatenganisha.

Fundi alifumba macho, akakusanya maneno yake. Kisha akatoa hukumu.

"Ijumaa natoka. Aje yeye, peke yake, kwa basi. Asisindikizwe na mtu, asipakiwe pikipiki. Akifika kabla ya chakula cha mchana, narudi nyumbani kwangu. Asipofika, nakwenda na wewe, na hutasikia nikilalamika."

"Mama, hiki si kitu cha kuchezea."

"Nani anacheza? Mguu utakaopandishwa kwenye hilo basi ni wangu. Nina haki ya kumjaribu dereva."

Binti alimtazama baba, baba akatazama dirisha. Mwisho wote wawili wakakubali.

Alhamisi jioni binti alikwenda dirisha la dawa, wakabaki wawili. Fundi akamwambia mumewe asogeze kiti.

"Namba kumi na nne," alisema. "Ziko mbili. Moja inakwenda, nyingine inarudi. Simama upande wa duka la dawa. Ukisimama upande wa gereji, unapelekwa sokoni."

"Kwa nini wasiandike namba tofauti?"

"Waulize wao. Mimi nakufundisha. Likija, nyoosha mkono. Usiponyoosha linapita. Yule aliye ndani hajui kama unasafiri au unaota jua."

"Sawa."

"Unaingia kwa mbele. Kadi yangu ni ile ya bluu, ndani ya pochi. Unaigusisha kwenye mashine. Ikilia mara moja, pita. Ikilia mara mbili, salio limekwisha, shuka kabla hawajakushusha. Ukae viti vya mbele, vya wazee."

"Mimi si mzee."

"Wewe kijana. Kaa hivyohivyo." Alipumzika kidogo. Kuzungumza kulimchosha siku hizo kama zamani kulivyomchosha kufua. "Mkipita daraja la reli, ujiandae. Utaona ukuta mrefu mweupe. Ukiuona tu, bonyeza kitufe chekundu kwenye nguzo. Usisubiri geti. Ukisubiri geti umechelewa. Kisha unashuka kwa mlango wa katikati."

"Dereva hajui hospitali ilipo?"

"Anajua."

"Sasa mimi nimkumbushe kazi yake?" Dereva aliuliza kwa dhati. "Mkurugenzi hajawahi kuniambia simama hapa. Hata siku moja. Nilijua. Akiwa na kikao nilijua, akiwa na hasira nilijua, akitaka kupita kwa mama yake kabla ya kwenda nyumbani nilijua kabla hajajua mwenyewe."

"Ulikuwa na mtu mmoja nyuma, Dereva. Huyu ana watu wamejaa, na hamjui hata mmoja. Bonyeza."

"Nitabonyeza."

Alimtazama mkewe mkono wa kulia, uliokuwa bado na nguvu, ukikunja na kukunjua ncha ya shuka kama unatafuta pindo. Akamwuliza jambo ambalo hakuwahi kumwuliza. "Ulikuwa unakaa, au unasimama?"

"Asubuhi nasimama. Jioni nakaa, kama kuna mtu aliyelelewa kwao."

Ijumaa Dereva aliamka kukiwa bado na ubaridi. Nyumba ilikuwa tayari. Kitanda alikuwa amekigeuza ili Fundi ashukie mguu wake mzima. Meza aliitoa ukumbini kabisa. Na kwenye ukuta wa kwenda chooni seremala alikuwa amepigilia mbao ndefu ya kushikilia, iliyopigwa msasa mpaka ikawa laini kama sahani. Dereva alipitisha kiganja juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akanyoa ndevu, akavaa nguo zake za kazi, shati jeupe na suruali nyeusi, akang'arisha viatu. Hakuwa na nguo nyingine alizoziamini.

Kituoni alisimama upande wa duka la dawa. Basi likaja. Namba aliiona lilipokuwa karibu sana, lakini aliiona, akanyoosha mkono, na basi likasimama mlango ukiwa mbele yake kabisa. Hapo mwili wake ukafanya kile ulichozoea. Alipiga hatua moja pembeni, akaweka mkono kwenye ukingo wa mlango, akainamisha kichwa kidogo.

"Tangulieni," alisema.

Wakatangulia. Mama mwenye mtoto mgongoni akapita, wakapita wasichana wawili wanaocheka, akapita mtu mwenye mkoba, akapita kijana aliyeziba masikio kwa muziki. Hakuna aliyesema asante, na hakuna aliyeshangaa. Dereva alikuwa amesimama pale kwa namna ya mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake. Wa mwisho alipoingia, dereva wa basi alimwona mzee wa shati jeupe aliyeshika mlango, akadhani kaja kusindikiza.

"Mzee, toa mkono."

Akautoa. Utii nao ulikuwa wa siku nyingi. Mlango ukafungwa na basi likaondoka.

Mshona viatu aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na kituo alisimamisha sindano. "Mzee, ulikuwa unasafiri, au ulikuwa unawakagua?"

"Nilikuwa nawapisha."

"Hapa usipishe. Likija, ingia kama umefukuzwa nyumbani."

Ni rahisi kumcheka. Lakini adabu ile ilikuwa ya kweli, na kama wale waliopita wangekuwa na chembe yake, mmoja wao angegeuka akamwuliza, "Na wewe je?" Hakuna aliyegeuka. Kosa la Dereva lilikuwa kudhani kwamba mtu anayewashikia wengine mlango naye atashikiwa. Kwenye kazi yake hakushikiwa kamwe. Sijui nani angemfundisha kutarajia tofauti mahali pengine.

Basi lililofuata lilichukua muda mrefu kufika. Jua lilishapanda juu ya paa la gereji lilipotokea. Safari hii aliingia wa kwanza, huku akiona aibu mgongoni. Kadi ikalia mara moja. Kwenye usukani alikaa mwanamke kijana mwenye miwani ya jua, na Dereva aliitazama mikono yake kwanza: ilikuwa imetulia, mahali panapostahili. Akaridhika. Akamwinamia na kumwambia kwa sauti ya heshima, ya mtu wa fani kwa mwenzake, "Hospitali kuu, dada."

Yule mwanamke aliitikia kwa kichwa bila kugeuka.

Kwa Dereva, hapo neno lilikuwa limekwisha. Alikuwa ameagiza, na aliyeagizwa alikuwa amepokea. Akakaa kiti cha mbele, mikono kwenye magoti. Kando yake alikaa mama mmoja muuza mitumba, furushi lake mapajani likiwa limemficha mpaka kidevuni. Basi likaingia barabarani, na kila lilipokaribia gari jingine mguu wa kulia wa Dereva ulikanyaga sakafu.

"Baba," yule mama alisema baada ya muda, "unamkanyagia nani?"

"Samahani. Mguu una mazoea. Nilikuwa dereva."

"Na mimi nilikuwa mwembamba."

Dereva akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na kwa kitambo alijihisi kwamba mambo yanakwenda vizuri. Alianza hata kupanga jinsi atakavyomleta Fundi Jumatatu: wangekaa hapahapa mbele, Fundi dirishani, fimbo yake katikati ya miguu. Wakapita daraja la reli. Mbele, katika kile kipande cha dunia alichobakiwa nacho, ukaonekana ukuta mrefu mweupe.

Kitufe chekundu kilikuwa kwenye nguzo, karibu na kiwiko chake. Alikumbuka. Hawezi kusema kwamba alisahau, na baadaye hakusema hivyo. Aliutazama ukuta, akakitazama kitufe, akaitazama shingo ya yule dada aliyekaa wima kwenye usukani. Alikuwa amemwambia. Kubonyeza sasa, aliona, ni kumpiga mtu kofi la mgongo mbele za watu: wewe, hujui kazi. Hakuna abiria aliyewahi kumfanyia yeye hivyo. Basi halikupunguza mwendo. Akajiambia kwamba dada anazungukia geti la nyuma, lenye kivuli, ambako yeye mwenyewe alikuwa akimshusha mke wa mkurugenzi ili asitembee juani. Ukuta ukahamia pembeni, na kilichokuwa pembeni hakikuwepo tena.

"Kwani unashukia wapi, baba?" mama wa mitumba aliuliza, walipokuwa wameshaingia barabara pana isiyo na nyumba.

"Hospitali kuu."

"Ee, hospitali! Tumeiacha huko nyuma."

Ndipo alipobonyeza. Alibonyeza mara nyingi, kengele ikalia mfululizo, watu wakageuka.

"Nimesikia, mzee," dada alisema akimtazama kwenye kioo. "Hapa hakuna kituo. Mpaka mwisho wa njia."

"Nilikwambia hospitali."

"Naambiwa na kila anayepanda, baba yangu. Nikianza kuyashika yote kichwani nitagonga. Kengele ndiyo inayoniambia."

Hakusema kwa dharau. Laiti angesema kwa dharau, Dereva angepata pa kuweka hasira yake.

Mwisho wa njia palikuwa uwanja mkubwa wa saruji, mabasi yamejipanga mengine yakiingia na mengine yakitoka, injini zikinguruma kila upande. Namba ziliandikwa juu, kwa taa ndogondogo zilizotembea. Ili aone namba moja, Dereva ilimbidi asimame mbele ya basi lenyewe, ainue uso, na kulichunguza kipande kwa kipande. Alifanya hivyo kwa basi la kwanza, la pili, la tatu, na kila mara waliokuwa nyuma yake walimsukuma ili wapite. Aliuliza, akaelekezwa upande mmoja. Akauliza tena, akaelekezwa upande mwingine. Akiwa anaharakisha, aligonga nguzo fupi ya chuma iliyokuwa kuliani mwake. Suruali ikachanika kwenye muundi, damu ikashuka mpaka kwenye soksi.

Alisimama pale ameishika ile nguzo. Hakuwa akifikiria maumivu. Fundi alipaswa kutembea akiwa ameegemezwa upande wake dhaifu, wa kushoto. Na ili mtu amshike upande huo, Fundi angekuwa kulia kwa huyo mtu. Kulia kwake. Huko alikogongea nguzo. Aliigeuza hali hiyo akilini kwa kila namna, kama dereva anayejaribu kulitoa gari kwenye kichochoro, mbele kidogo, nyuma kidogo, na kila alivyoigeuza ilikuwa Fundi ndiye anayegonga.

Msafishaji wa uwanja ndiye aliyemshika mkono mwishowe na kumpandisha kwenye namba kumi na nne ya kurudi. Alipouona ukuta mweupe, alibonyeza mapema kiasi kwamba alishuka kituo cha kabla, akamalizia kwa miguu.

Wodini sahani za chakula cha mchana zilikuwa zimeshaondolewa. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda, amevaa gauni lake la kutokea, kitambaa kichwani, begi miguuni. Godoro lilikuwa limeshavuliwa shuka. Binti alikuwa dirishani na simu mkononi. Alipomwona baba, hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda.

"Baba. Tuliogopa." Kisha akaona suruali. "Umeanguka?"

"Nimegonga kitu."

Binti alimtazama mama yake, akamtazama tena baba. Alikuwa na maneno makali aliyoyaandaa tangu asubuhi, na yote yakamwisha. "Ni foleni, siyo?" alisema taratibu. "Ijumaa hii barabara haipitiki."

"Ni foleni," Fundi alidakia, kwa haraka kuliko alivyowahi kutamka neno tangu augue. "Darajani. Ijumaa huwa hivyo. Mimi naijua. Mtu akikwama na foleni si kosa lake. Eh, Dereva? Sema."

Wote wawili walikuwa wamemshikia mlango. Alichotakiwa ni kupita tu. Muuguzi mlangoni alikuwa akisubiri, na nyumbani mbao ilikuwa ukutani.

"Hapakuwa na foleni," Dereva alisema.

Fundi akafumba macho.

"La kwanza liliniacha nimeshika mlango. La pili nililipanda. Ukuta nikauona, sikubonyeza. Nikaenda mpaka mwisho wa njia, na kule nimezunguka sana. Namba sizioni."

"Lakini umefika," Fundi alisema.

"Nimefika."

"Basi mara ya pili hutapotea."

"Mara ya pili nitakuwa nimekushika wewe." Akauonyesha muundi wake. "Hii nguzo ilikuwa upande ambao ungekuwa umesimama wewe. Sikuiona kabisa, Fundi. Ilikuwepo, na mimi sikuiona."

Wodi ilikuwa na wagonjwa wengine, nao waliacha kuzungumza. Fundi alipofumbua macho hakuwa analia, ila alikuwa na hasira.

"Ungeniongopea leo tu," alisema. "Siku moja katika maisha yako. Mimi ningejua, na ningekubali."

"Ndiyo maana nimeshindwa," Dereva alijibu. "Ningejua kwamba umekubali."

Watakuwepo watakaosema mzee huyu alikuwa na roho ngumu. Wanaosema hivyo wajiulize wangependa mguu wa nani ugonge ile nguzo. Alichokisema kilikuwa ukweli, na ulikuwa wajibu wake kuusema. Lakini isidhaniwe kwamba mtu akitimiza wajibu moyo wake hupata nafuu. Dereva hakupata nafuu yoyote. Alibeba begi mpaka kwenye gari la kukodi, akamsaidia binti kumwingiza Fundi kwenye kiti, akahakikisha mkanda haumbani upande wenye ganzi. Fundi alikuwa ameahidi kutolalamika, na hakulalamika. Alimwambia tu kwamba mchele uko kwenye kopo la juu, si la chini, na kwamba la chini lina wadudu.

"Nitaumwaga," Dereva alisema.

"Usiumwage. Upepete."

Gari likaondoka. Alilifuata kwa macho mpaka lilipokata kona, na kwa kuwa lilikata kulia, lilimpotea mapema kuliko lingempotea mtu mwingine.

Mazoezi yalimfaa Fundi. Binti alitimiza kila alichosema, na hapaswi kulaumiwa kwa lolote. Baada ya muda Fundi akaanza kusimama bila kushikwa, na maneno yakaanza kutoka mawilimawili. Jumapili binti alimshikia simu, mume na mke wakazungumza: habari za paa, habari za wajukuu, habari za mtu fulani aliyefariki mtaani. Jumapili moja Fundi aliuliza kama bado anaogopa basi.

"Siogopi tena," Dereva alisema. "Napanda. Sasa hivi sipitilizi hata nikisinzia."

"Unakwenda wapi?"

"Hospitali kuu. Ndiyo njia ninayoijua."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Macho?"

"Kliniki ya macho bado. Nakwenda tu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Nakaa kidogo kwenye benchi la nje, halafu narudi."

Upande wa pili, kwa nyuma, ilisikika sauti ya wajukuu wakigombania kitu.

"Usiende tena huko," Fundi alisema. "Hakuna mtu."

Dereva akamwambia sawa.